Kitabu Kilichotiwa Theluji

Wajuao ramani wanasema nchi ya Heshimani haipo. Wanaolipa kodi huko wanasema ipo. Mimi sina ugomvi na upande wowote. Nitasimulia tu yaliyomfika Bi Sikudhani Malombo, mfasiri wa serikali, mwaka ule Heshimani ilipoamua kupenda vitabu vya Ulaya.

Sikudhani hakusomea tafsiri. Alisomea nyuki. Serikali ilimpeleka Slovenia, nchi ndogo ya milima na mizinga, ili arudi awafundishe watu kurina asali bila kuumwa. Aliporudi na cheti chake akakuta Idara ya Nyuki imeunganishwa na Idara ya Magereza, kwa hoja kwamba kote kuwili kuna vyumba vidogo na ulinzi mkali. Akabaki na kitu kimoja tu ambacho hakuna mwingine nchini aliyekuwa nacho, nacho ni Kislovenia. Wakampa meza katika Wizara ya Utamaduni, Wageni na Mapokezi, wakamwita Mfasiri Mkuu, na kwa miaka mingi hakuletewa hata sentensi moja. Akawa anasoma magazeti, anamtunza mama yake, ananenepa kidogo kidogo.

Ndipo balozi za Ulaya zikaja na mradi uitwao Sauti Chipukizi. Kila nchi ya huko italeta mwandishi wake mmoja anayeinukia, Heshimani itamfasiri, kisha litafanyika tamasha kubwa la kuwasikiliza. Waziri, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Pazi Mkwezi, aliupenda mradi kwa sababu ya jina. Heshimani, chipukizi ni watoto wa chama, wale wanaovaa skafu na kuimba uwanjani sikukuu zikifika. Akaagiza biskuti, soda na kamba za kuruka. Sikudhani alipompelekea wasifu wa mwandishi wa Slovenia, aliusoma huku uso ukimkunjamana.

"Bi Sikudhani, huyu ana miaka thelathini na sita."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na bado anachipua?"

"Wenzetu huchipua polepole, Mheshimiwa. Kwao baridi."

Waziri akatikisa kichwa kwa huruma, akatia saini. Kamba za kuruka zilikuwa zimeshanunuliwa, kwa hiyo zikabaki kwenye ratiba.

*

Mwandishi huyo aliitwa Alenka Brezar, na kitabu chake kiliitwa *Utepe*. Kilisimulia habari za mji mdogo wa kubuni uitwao Dolnik, wenye mto usio na daraja na meya mwenye mkasi. Meya anakata utepe kufungua daraja ambalo halijajengwa, watu wanapiga makofi, kisha wanapanda mtumbwi kurudi nyumbani kwao ng'ambo. Mwakani anakata tena, maana utepe wa kwanza, anaeleza, ulikuwa wa awamu. Mkandarasi ni shemeji yake. Yote hayo yanatokea mwezi Julai, joto la kupasua kichwa, hata padri anasomesha misa miguu yake imo ndani ya beseni la maji.

Sikudhani alikipenda kitabu hicho kama mtu aliyepelekewa chakula gerezani. Alikuwa akicheka peke yake ofisini mpaka wenzake wakadhani amepata kazi kwingine. Aligombana na kila neno. Alikwenda sokoni kuwauliza mafundi cherehani majina ya mikasi. Mama yake, Bi Mwanakombo, alimwona anakula huku midomo inamcheza, akamuuliza anaongea na nani.

"Na meya, mama."

"Msalimie."

Lakini katikati ya sura ya tatu Sikudhani aliacha kucheka. Akainuka, akafunga mlango wa ofisi, akarudi kukaa. Heshimani kuna Mto Mwendapole. Mto Mwendapole una daraja, ambalo Mtukufu Kiongozi amelifungua zaidi ya mara moja, na ambalo hakuna aliyewahi kulikanyaga, kwa kuwa haliko. Na shemeji wa Mtukufu ni mkandarasi. Sikudhani akaandika barua kwa Alenka, akimuuliza kwa adabu kama amewahi kufika Afrika. Alenka akajibu kwamba hajawahi hata kufika Italia, ambayo anaiona akiwa jikoni kwake.

Sikudhani alifikiri kidogo, akajifuta jasho, akaendelea. Kazi yake ilikuwa kufasiri. Hakuna aliyemwambia afasiri vibaya.

*

Kabla ya kuchapwa, kila kitabu kilipitia Kamati ya Uhakiki wa Ugeni. Kamati hii iliundwa ili kuhakikisha kwamba mambo ya nje ni ya nje na ya ndani hayamo. Mwenyekiti wake, Bwana Shomvi, alikuwa mstaafu wa forodha, na alikishika kitabu kama anayepima kama kina bidhaa ndani.

"Huyu meya," akasema, "ni nani?"

"Ni meya wa Dolnik, mzee wangu."

"Dolnik ni wapi?"

"Hakuna mahali hapo. Ni hadithi."

"Kwa hiyo ni mtu asiyekuwapo, wa mahali pasipokuwapo, anafungua daraja lisilokuwapo." Bwana Shomvi akawatazama wajumbe. "Ndugu zangu, mbona mimi namjua?"

Wajumbe wakainamisha vichwa. Kila mmoja alikuwa anamjua, na kila mmoja alikuwa anangoja mwingine amtaje. Kikao kikakaa hivyo mpaka chai ikaja ikapoa. Mwishowe mjumbe mmoja, mtaalamu wa jiografia, akapata njia ya kutokea. Ugeni wa kitabu, akasema, hauonekani vizuri. Msomaji anaweza kusahau yuko Ulaya. Anahitaji kukumbushwa. Ulaya kuna nini ambacho kwetu hakipo?

"Madaraja," akasema mjumbe mwingine, kisha akajuta.

"Theluji," akasema mtaalamu wa jiografia. "Tutie theluji."

Sikudhani akaeleza kwamba kitabu kizima ni cha kiangazi. Watu wanaogelea mtoni. Kuna mtu anazimia kwa jua.

"Azimie kwa theluji," akasema Bwana Shomvi. "Bi Sikudhani, sisi hatuingilii sanaa. Meya abaki, mkasi ubaki, shemeji abaki. Theluji ianguke kila ukurasa, mtu asije akasema hakuambiwa kwamba ni kwao huko. Bila theluji hakichapwi, na wewe utarudi kwa nyuki wako magerezani. Na ninaposema magerezani, unanielewa vizuri."

Alimwelewa. Akaenda kuzitia theluji kurasa zote, huku roho inamuuma kama aliyeambiwa atie chumvi kwenye chai ya mgeni. *Meya aliinua mkasi, na theluji ikaanguka. "Daraja hili," alisema meya, "litadumu vizazi na vizazi," na theluji ikaanguka. Shemeji yake alipiga makofi, na theluji ikazidi.*

Basi Kamati ilikuwa imeleta balaa bila ya kujua. Soma mwenyewe uone. Kila kiongozi akifungua kinywa, theluji inaanguka. Wananchi wa Heshimani, ambao kwa miaka mingi walikosa neno la jambo fulani walilolisikia kila siku redioni, walifungua kitabu wakalikuta neno lenyewe limekaa linawangoja.

*

Kitabu kiliisha madukani kama sukari ya magendo. Watu ambao hawakuwahi kusoma zaidi ya risiti waliazimana nakala. Na lile neno likatoka kitabuni likaingia mitaani. Waziri wa Maji akitangaza kwamba mabomba yatatoka maji kabla ya Idi, watu wanatazamana: leo imeanguka. Mwalimu akiahidiwa kupandishwa daraja, anajifunika kanga. Bwana harusi mmoja alisimama kuapa mbele ya wakwe kwamba hajawahi kuwa na mke mwingine, sauti ya shangazi ikasikika toka nyuma, "Jamani nani ana sweta?"

Jioni moja Sikudhani alirudi nyumbani akakuta giza, na redio ya betri inasema mgawo wa umeme umekwisha.

"Mama, umeme umekatika tena?"

"Hapana mwanangu," akasema Bi Mwanakombo, akipapasa kutafuta kiberiti. "Ni theluji tu."

Sikudhani akakaa kwenye kiti gizani, akacheka mpaka akalia, kisha akaacha kucheka akaendelea kulia kidogo, maana neno hilo lililopendwa na nchi nzima halikuwa la Alenka, na Alenka alikuwa njiani anakuja.

Mheshimiwa Pazi yeye alifurahi. Alilihutubia Bunge kwamba wananchi wameonyesha hamu kubwa ya kujifunza hali ya hewa ya mataifa rafiki. Bunge zima likakohoa. Ni mkuu wa polisi aliyemnong'oneza maana halisi ya theluji. Kesho yake neno likapigwa marufuku. Wauza friji wakaagizwa kusema "kile cheupe cha juu". Mchungaji mmoja akasimamishwa kwa kusoma katika ibada kwamba dhambi zetu zitakuwa nyeupe, ingawa aliapa kwamba angeliruka neno linalofuata katika Biblia, aendelee mpaka kwenye sufu tu.

Tamasha, hata hivyo, halikuweza kufutwa. Mabalozi walikuwa wameshakodi mahema.

*

Alenka Brezar alishuka kwenye ndege akiwa na mkoba mmoja na mafua. Wasichana wenye skafu wakamkabidhi kamba ya kuruka. Yeye, kwa heshima ya mila za wenyeji, akaruka mara mbili tatu mbele ya Waziri. Alipomwona Sikudhani alimkumbatia kwa nguvu.

"Wewe ndiye mtu wa kwanza duniani kukisoma neno kwa neno," akamwambia kwa lugha yao. "Mhariri wangu mwenyewe aliruka kurasa."

Sikudhani akambebea mkoba.

Siku ya kusoma, ukumbi ulifurika mpaka watu wakakaa madirishani. Waziri alifungua kwa hotuba. Alisema fasihi ni daraja. Mahali fulani nyuma mtu akapiga chafya, na ukumbi mzima ukacheka kwa namna ambayo Alenka, aliyezoea ukumbi wa kwao wenye watu sita na mbwa wa mwenye duka, hakuielewa. Aliposimama yeye, watu walirusha pamba hewani. Zilimwangukia nywele na mabega. Akamgeukia Sikudhani kwa macho ya kuuliza, Sikudhani akajifanya anarekebisha maikrofoni.

Kisha mwanafunzi mmoja wa kike akainuka kuuliza swali. Alichagua maneno kama anayevuka uwanja wa miiba.

"Naomba kumuuliza dada mwandishi. Kile kitu cheupe kinachoanguka kila ukurasa, kwake yeye kinaashiria nini?"

Sikudhani akafasiri. Alenka akacheka, akadhani amesikia vibaya, akauliza tena, kisha akajibu. Ukumbi ukamtazama Sikudhani. Waziri, aliyekaa kando yake, akainama, "Sema anashukuru kwa swali zuri."

Lilikuwa jambo dogo, na hakuna ambaye angejua. Mkalimani ni mtu aliyesimama kwenye mlango kati ya vyumba viwili, na pande zote mbili hulazimika kumwamini. Lakini Alenka alikuwa anamtazama, pamba imemning'inia sikioni, anangoja kwa uso ule wa mtu aliyesomwa neno kwa neno.

"Mwandishi anasema," Sikudhani akatamka, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyopanga, "kitabuni mwake hamna theluji. Hata chembe. Anasema ni kitabu cha kiangazi. Anauliza aliyeitia ni nani."

Hakuna aliyejibu kwa mdomo. Watu waligeuka tu, mmoja mmoja, kisha safu kwa safu, wakawatazama wajumbe wa Kamati ya Uhakiki wa Ugeni, waliokaa mbele wamevaa beji zao. Bwana Shomvi akaivua beji yake akaitia mfukoni. Hapo kicheko kikalipuka, kikatoka nje kikawakuta waliokosa nafasi, nao wakacheka kabla ya kuambiwa kwa nini. Nyuma ya pazia, Alenka alimwomba Sikudhani amweleze yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba kwao, mhariri alimtaka atie mapenzi.

*

Alenka alirudishwa kwao kwa ndege ya kwanza. Sikudhani alifunguliwa mashtaka ya kuandika kitabu cha Ulaya bila ya kuwa Mzungu. Serikali ilishikilia kwamba hakuna mgeni anayeweza kumjua shemeji kiasi kile. Kwa hiyo mwandishi halisi ni mfasiri, na yule mama wa mafua alikodiwa. Wakamnyang'anya pasi ya kusafiria na kumtaka aripoti kituoni kila wiki mpaka kesi ianze.

"Mwanangu," akamwambia Bi Mwanakombo, "si ungenyamaza tu?"

"Mama, aliniuliza."

Bi Mwanakombo akalitafakari hilo. "Basi," akasema. "Kama aliuliza."

Sasa sikia yaliyotokea upande wa pili. Magazeti ya Ulaya yaliandika kwamba kitabu cha Alenka kimetikisa serikali ya Afrika. Meya wa mji anakotoka Alenka, ambaye kwa maisha yake yote hakuwa amesoma riwaya, akaona fahari, akakinunua. Akakisoma. Akafika sura ya tatu, akainuka, akafunga mlango wa ofisi. Wiki hiyo hiyo akamshtaki Alenka kwa kumchafulia jina, akidai fidia ambayo ingemlia nyumba, jiko na dirisha lile la kuionea Italia.

Wakili wa Alenka akaiomba Heshimani ilete shahidi wa kueleza kwamba huko nako watu walimwona kiongozi wao humo kitabuni, na kwa hiyo meya wa kitabuni si mtu fulani. Barua ilipofika kwa Mheshimiwa Pazi, aliyaona humo maneno mawili tu: Ulaya, na hoteli. Akajiteua. Na kwa kuwa hakukuwa na mwingine ajuaye Kislovenia, mshtakiwa akarudishiwa pasi kwa mkopo.

*

Mahakama ilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya nta. Waziri alikuwa amejiandaa kusema kwamba Heshimani na Slovenia ni marafiki, basi. Lakini wakili wa meya alianza yeye, naye alikuwa mtu wa majigambo.

"Mheshimiwa hakimu, duniani kote hakuna kiongozi mwingine aliyefungua daraja lile lile mara tatu bila daraja kuwapo. Ni mteja wangu peke yake. Asiwe yeye, awe nani?"

Sikudhani akamnong'oneza Waziri tafsiri yake. Akamwona anavimba shingo.

"Amesema nini? Peke yake?"

"Ndivyo alivyosema, Mheshimiwa."

"Mara tatu tu, anajisifu?" Waziri akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Mwambie hakimu kwamba Heshimani haitavumilia dharau hii. Mtukufu Kiongozi wetu alishapita mara tatu kabla wengine humu hawajajifunza kushika mkasi."

Sikudhani hakufasiri. Akamwinamia. "Mheshimiwa, nitafsiri na hilo?"

"Tafsiri. Tena kwa sauti."

Akafasiri. Karani akaandika. Waziri akaendelea, na kadiri alivyoendelea ndivyo uzalendo ulivyompanda. Akaeleza Daraja la Mwendapole, na jiwe la msingi lililofunikwa na nyasi likawekwa lingine juu yake. Wakili wa meya, jasho likimtoka, akasema mteja wake ana shemeji mkandarasi. Waziri akacheka kwa dharau, akauliza, "Mmoja?" Meya mwenyewe akainuka akapiga kelele kwamba anaonewa. Mara mbili zaidi Sikudhani aliuliza, "Na hili nalo?", na mara mbili akajibiwa kwamba asiogope, aseme, dunia ijue.

Hakimu alisema, alipopata nafasi, kwamba mahakama haiwezi kumpa mlalamikaji sifa ya kuwa peke yake, wakati ni wazi kuwa ana mshindani. Kesi ikatupwa. Alenka akainamisha uso juu ya meza, mabega yanamtikisika, na Sikudhani akashindwa kujua kama analia au anacheka. Waziri aliwapungia mkono waandishi wa habari.

Alikuja kuelewa kwenye ndege, wamefika katikati ya mawingu. Sikudhani alimwona anakuwa mweupe taratibu.

"Bi Sikudhani. Kwani mimi nimesema nini kule?"

Akamwambia, neno kwa neno. Waziri akaomba maji. Akaomba pia, kwa sauti ya chini sana kwa mtu wa cheo chake, kama isingewezekana iwe ni makosa ya mkalimani.

"Nilikuuliza, Mheshimiwa," akasema Sikudhani. "Mara tatu."

Akageukia dirishani. Alijua wote wawili wanakwenda jela; alijipa moyo tu kwamba huko kuna nyuki.

*

Uwanja wa ndege kulikuwa na tarumbeta. Mtukufu Kiongozi, alipopelekewa habari, alikuwa ameuliza swali moja tu: yule wa Ulaya kafungua mara ngapi? Wakamwambia. Na mimi? Wakamwambia. Na mahakama ya Kizungu imeyaandika hayo kwa mhuri? Imeyaandika, Mtukufu. Basi akatabasamu, akasema kumbe tumewashinda, na ikatangazwa siku ya mapumziko. Mheshimiwa Pazi akavishwa nishani huku miguu yake bado haijaamini. Mashtaka ya Sikudhani yakafutwa kimyakimya, kwa kuwa mtu hawezi kushtakiwa kwa ushindi wa taifa. Na kitabu *Utepe* kikaamriwa kisomwe mashuleni, majeshini na maofisini, nakala moja kila kaya.

"Nichape kipi, Mheshimiwa?" Sikudhani akauliza. "Chenye theluji, au kisicho nayo?"

"Kile kilichoshinda kesi," akasema Waziri bila kufikiri.

Akakichapa cha Alenka, kama kilivyo, Julai tupu, mpaka nukta ya mwisho.

Nacho kitabu hicho kina sura ya mwisho ambayo, kama ilivyokuja kujulikana, Kamati haikuwahi kuifikia. Ni fupi. Watu wa Dolnik wanakuja mtoni kama kawaida, wamevaa nguo zao nzuri. Meya anakata utepe. Halafu kuna neno moja la Kislovenia, tendo la watu wengi kwa pamoja, ambalo Sikudhani alilihangaikia kuliko yote. "Wakanyamaza" lilimtisha, kwa sababu watu huambiwa wanyamaze. "Kimya kikatanda" ni la magazetini. Mwisho aliandika, *Kila mtu akabaki na mikono yake*, na hakuwa na hakika kama hicho ni Kiswahili.

Mwaka haukuisha, Mtukufu akaja tena kulifungua daraja la Mwendapole, safari hii kwa kumbukumbu ya ushindi. Sikudhani alikwenda na mama yake. Kulikuwa na joto kali. Uwanja ulijaa mpaka kwenye matete, watu wametulia, wamepiga pasi nguo zao. Mtukufu akainua mkasi, utepe ukaanguka pande mbili.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyezomea wala kukohoa. Ilisikika mitumbwi ikigongana mtoni. Sikudhani alimtazama mama yake, akaona mikono yake miwili ya kizee imetulia juu ya mkoba, akajua kwamba lile neno alilipata.

Kule mbele, Mtukufu alisubiri. Akawatazama watu, akautazama mkasi. Akadhani hawakuona vizuri. Akaagiza utepe ufungwe tena, akaukata mara ya pili, polepole, akiuinua mkasi juu ili wote waone.